Pampu Kisimani: Namna ya Kuishusha, Kuiendesha na Kuishughulikia Inapogoma

Kiangazi kilichopita nilikuwa Kagoma, wilayani Muleba, kwa shangazi yangu. Kisima chake kiko chini ya kibanja, pale migomba inapokwisha na bonde linapoanza. Waya ulikuwa umetoka dirishani, umepita juu ya mibuni, ukashuka kisimani ukiwa umebeba pampu nzima pamoja na uzito wa mpira uliojaa maji. Hapakuwa na kamba. Shangazi aliinama kuosha mkono kwenye maji yaliyokuwa yakimwagika pembeni, akaurudisha haraka.

"Maji haya yanatekenya," akaniambia, kama mtu anayesimulia jambo la kawaida. "Wiki ya pili sasa."

Sikumjibu. Nilipanda mbio hadi nyumbani, nikachomoa plagi, ndipo nikarudi kumweleza.

Tulipoivuta pampu juu tuliona kilichotokea. Kebo ilikuwa imevutika pale inapoingilia kwenye chuma, gamba lake la nje limechanika, na umeme unavuja majini. Kilichomsaidia shangazi ni kandambili kavu na ubao aliokuwa amesimama juu yake. Mjukuu angeshuka peku juu ya tope na dumu mkononi, habari ingekuwa ya msiba.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiangalia pampu za majirani kila ninapopita, na nyingi naziona zinaning'inia vivyo hivyo. Ndiyo maana naandika mwongozo huu kwa ajili yako wewe mwenye pampu ndogo ya kuzamisha, ile inayobebeka kwa mkono mmoja, unayeitumia kwenye kisima cha kuchimba kwa mkono au kwenye tangi la maji ya mvua.

Kwa nini pampu iingie majini

Pampu inayokaa juu ya kisima, iwe ya petroli au ya umeme, hufyonza. Kufyonza kuna kikomo ambacho hakuna fundi anayeweza kukivuka, kwa sababu kinachopandisha maji ndani ya mpira ni uzito wa hewa inayokandamiza maji kisimani. Dar es Salaam au Tanga, usawa wa bahari, kikomo hicho ni mita 10 na kidogo. Sisi hatuko usawa wa bahari. Ziwa Victoria lenyewe liko kwenye mita zipatazo 1,135, na vijiji vya mgongoni, juu ya vilima vya Muleba na Bukoba, viko juu zaidi ya ziwa. Hewa yetu ni nyepesi, na kikomo kinashuka hadi mita 9 au pungufu. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Kwa pampu ya kawaida, yenye mpira wa kawaida na viungo vyake, usitegemee zaidi ya mita 6.

Kwa hiyo kama maji yako yako mita 8 chini ya mdomo wa kisima, motopampu itanguruma mpaka petroli iishe bila kutoa tone. Hapo ndipo watu hufanya kosa linaloua: wanaifunga kamba motopampu na kuishusha ndani ya kisima ili iwe karibu na maji. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu wala rangi, na shimo la kisima halina pa kuutolea. Anayeshuka kuizima huanguka. Anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Usidanganyike na mshumaa unaoendelea kuwaka: unaweza kuwaka vizuri kabisa ndani ya hewa yenye kaboni monoksidi ya kumuua mtu. Injini ya petroli au dizeli haiingii kisimani, hata kwa dakika moja, hata kama umeifunga kamba ya kuivutia.

Pampu ya kuzamisha haifyonzi. Iko ndani ya maji, inayasukuma kutoka chini, na maji hayo hayo huipooza mota. Mota imezibwa ndani ya chuma, na kati yake na maji kuna sili na chumba kidogo cha mafuta. Mambo mengi nitakayosema hapa yanahusu kuilinda sili hiyo na kebo, maana ndizo zinazotenganisha umeme na maji unayoyagusa.

Soma kibati kabla ya kulipa

Kila pampu ina kibati ubavuni. Muuzaji atakuonyesha nguvu ya farasi, wewe angalia zaidi herufi H na herufi Q. Q ni wingi wa maji, H ni urefu wa kusukuma. Watu wengi wanaona "H max 30 m" wakadhani pampu itawapa maji mengi kwenye mita 30. Sivyo. Kwenye mita 30 pampu hiyo inatoa sifuri: maji yanasimama ndani ya bomba na mota inazunguka bure. Vivyo hivyo Q kubwa iliyoandikwa ni ile ya pampu isiyopandisha maji kokote. Kazi yako iko kati ya namba hizo mbili, na pampu hufanya vizuri karibu na katikati.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu nyumba ziko mgongoni na maji yako bondeni. Chukua mfano. Maji yako mita 8 chini ya mdomo wa kisima. Kutoka kisimani hadi juu ya simtanki nyumbani ni mwinuko wa mita 22. Jumla ni mita 30 za kupanda. Bado hujahesabu bomba. Bomba la inchi 1 lenye urefu wa mita 100, ukitaka lita 1 kwa sekunde, yaani dumu la lita 20 lijae kwa sekunde 20, linakula mita nyingine 20 hivi kwa msuguano tu. Sasa unahitaji pampu inayotoa maji hayo kwenye mita 50, na ile ya H max 30 haitakufikishia hata tone.

Ukibadilisha bomba likawa la inchi moja na nusu, msuguano ule wa mita 20 unashuka hadi mita 2 au 3. Ukibaki na inchi 1 lakini ukaridhika na nusu ya maji, dumu kwa sekunde 40, msuguano unashuka hadi mita 5 na nusu hivi. Ushauri wangu kwa mtu wa mgongoni ni huu: ongeza pesa kwenye bomba kabla ya kuongeza nguvu ya farasi. Bomba nene halili umeme.

Angalia pia kina cha mwisho ambacho pampu inaruhusiwa kuzamishwa. Kwa pampu nyingi za kubebeka ni mita 5 hadi 10 chini ya uso wa maji. Kisima kikijaa wakati wa masika, kumbuka kuipandisha.

Jambo la mwisho la kununua: pampu iliyowahi kutoa maji ya mafuriko, ya karo au ya msingi wa nyumba isiingie kwenye kisima cha kunywa. Mwaka 2020, na tena 2024, ziwa lilipanda sana, na wa mwambao walitoa maji machafu majumbani mwao kwa pampu za aina hii. Pampu ya kazi hiyo ibaki ya kazi hiyo.

Umeme unaofika kisimani si ule ulioko sebuleni

Kwa miaka mingi Bukoba na Muleba zimepata umeme kutoka Uganda, kwa laini inayotoka Masaka kuja Kyaka, na ni mwisho wa laini ndefu. Kila mtu huku anajua taa zinavyofifia saa za jioni. Wategaji wa senene wanalijua hilo kuliko mimi, maana taa zao kubwa zikififia, mtego hauna kitu. Pampu nayo inalijua, ila yenyewe haififii. Inaungua.

Nieleze kwa nini. Pampu ya nguvu ya farasi moja huvuta ampia 5 au 6 ikiwa inazunguka. Wakati wa kuwaka, kwa muda mfupi sana, huvuta mara nne hadi sita ya hapo. Waya mwembamba wa milimita 1.5 uliovutwa mita 50 hupoteza volti 7 hivi pampu ikizunguka, lakini wakati wa kuwaka hupoteza 30 au zaidi. Soketi ikiwa na volti 230, hakuna shida. Soketi ikiwa na 195, pampu inapata 165, inashindwa kuanza kuzunguka, inabaki inaunguruma huku koili zinapata joto. Usiku mmoja wa namna hiyo unatosha kukupeleka kwa fundi wa kusuka mota.

Basi fanya hivi. Nunua multimita ndogo. Bei yake haifiki popote ukilinganisha na kusuka mota. Pima soketi kabla ya kuwasha. Chini ya volti 200, subiri. Kwa waya wa mita 50 tumia milimita 2.5, kwa mita 100 tumia milimita 4, wa shaba, wenye nyaya tatu ndani na gamba zito la mpira. Waya wa taa haufai. Waya wa mbili-mbili, usio na ethi, haufai kabisa.

Ethi ni ule wa kijani wenye mstari wa njano. Kahawia ni moto, bluu ni nyutro. Nimeona plagi ambazo ethi imekatwa kwa sababu soketi ya ukutani haina kitu upande huo. Ukikata ethi, umeondoa njia ambayo umeme uliovuja ungepita kwenda ardhini, na njia inayobaki ni mwili wa mtu anayegusa bomba.

Pamoja na ethi, weka breka ya uvujaji, ile yenye kitufe kidogo cha kujaribu kilichoandikwa T. Breka ya kawaida na fyuzi ya ampia 13 ndani ya plagi vinalinda waya usiungue, havikulindi wewe. Ampia 13 ni nyingi mno: sehemu ndogo sana ya hiyo inatosha kusimamisha moyo. Breka ya uvujaji ya miliampia 30 huhisi umeme unaotoka bila kurudi na kukata kabla hujaanguka. Bonyeza kitufe cha T kila mwezi. Isipokata, ni pambo tu. Kwenye jenereta ndogo breka hii inaweza isifanye kazi ipasavyo mpaka jenereta iunganishwe na ethi kwa namna yake, kwa hiyo kazi hiyo mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA. Na jenereta yenyewe, kwa pampu ya farasi moja, iwe ya kVA 3, ikae mbali na mdomo wa kisima, upande ambao upepo unaondoa moshi.

Kiungo cha plagi na soketi kikae juu, pakavu, ndani ya nyumba au kwenye kisanduku. Waya uning'inie chini kidogo ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili maji ya mvua yanayotiririka juu yake yadondoke pale chini yasiingie ndani. Na ndani ya kisima pasiwe na kiungo chochote. Tepu nyeusi haizuii maji. Inayachelewesha siku tatu, nne, kisha yanaingia, na hujui yameingia saa ngapi.

Kuishusha

Plagi imechomolewa. Si swichi imezimwa: plagi imechomolewa, na iko mfukoni mwako au mtoto mkubwa ameambiwa aishike. Swichi huwashwa na mtu asiyejua uko kisimani.

Funga kamba ya manila kwenye mkono wa pampu, mkono ule wa chuma juu yake. Kamba ndiyo inayobeba. Ikiwezekana funga mbili, maana manila husagwa na ukingo wa kisima, na jua huidhoofisha mpaka ikakatika bila kutoa taarifa. Mpira wa maji ufungwe kwa klipu mbili. Kebo ifungwe kwenye mpira kila baada ya mita moja hivi, ikiwa imelegea, ili mpira unapojaa na kurefuka kidogo usiivute. Kebo ikiwa imekaza, umeirudisha pampu ya shangazi yangu.

Ishushe polepole mpaka iguse chini, kisha ivute juu nusu mita na uifunge kwenye nguzo imara. Nusu mita hiyo ina maana. Mwamba wa huku ni mawe ya mchanga, na mchanga wake unakula sili na impela, ile feni inayosukuma maji, kama tupa. Pampu iliyokaa juu ya tope inavuta tope, kichujio kinaziba, na mota inakosa maji ya kuipooza. Kama kisima chako kina tope jingi, iweke ndani ya ndoo ya plastiki iliyotobolewa matundu pembeni tu. Maji yataingilia juu ya tope.

Ikiwa pampu ina floti, ile swichi inayoelea, hakikisha inaweza kupanda na kushuka bila kunasa kwenye ukuta au kwenye kamba.

Kuiendesha

Weka ndoo ya lita 20 chini ya bomba siku ya kwanza, hesabu sekunde, uandike ukutani. Namba hiyo ndiyo itakayokuambia habari za pampu kuliko kitu kingine. Sekunde 25 zikiwa 40 baada ya miezi mitatu, kuna jambo, na utalijua mapema.

Kisima cha kuchimba kwa mkono kina kasi yake ya kujaa. Juni hadi Agosti kasi hiyo inapungua. Ukiyatoa maji haraka kuliko yanavyoingia, pampu inaishia hewani, ukuta wa kisima unaachwa bila maji ya kuuegemeza, na mchanga unavutwa ndani. Iendeshe dakika 20, ipumzishe nusu saa, angalia maji yamerudi wapi. Kiangazi kikikaza, iendeshe alfajiri tu, ambapo kisima kimejaa usiku kucha na umeme nao ni mzuri zaidi. Usiiwashe na kuizima kila baada ya dakika mbili. Ni kuwaka kunakochosha mota na kapasita.

Pampu ikiwa inafanya kazi, hakuna mtu anayegusa maji ya kisima, hakuna anayechota kwa ndoo, hakuna mtoto anayeoga chini ya bomba. Ngurumo zikianza upande wa ziwa, zima, chomoa. Radi huku si jambo la mzaha, na waya mrefu unaopita juu ya kibanja unaialika.

Maji ya kunywa yachemshwe kama kawaida. Pampu ikishaingia na kutoka, kamba na mpira vilivyolala chini vimebeba uchafu wa kibanja hadi kisimani.

Ikigoma

Kwanza chomoa plagi. Nitalisema mara nyingi na sitaomba radhi.

Anza na swali hili: ilikuwa kimya, au iliunguruma? Kama ilikuwa kimya kabisa, tatizo liko njiani, na mara nyingi liko juu, si chini. Je, soketi ina umeme? Salio la LUKU lipo? Fyuzi ndani ya plagi imekatika? Breka imeruka? Floti imenasa ikiwa imelala chini? Vikiwa sawa vyote, huenda swichi ya joto iliyo ndani ya mota imekata kwa sababu ilipata moto. Hiyo hujirudisha yenyewe, lakini ipe saa moja ndani ya maji. Hapa kuna hatari: pampu iliyokatwa na joto hujiwasha bila kukuuliza. Mtu aliyeishika mkononi akidhani imekufa anaweza kupoteza vidole. Plagi.

Kama iliunguruma bila kuzunguka, una mambo matatu, na uyafuate kwa mpangilio huu. Volti: chomeka tena kwa sekunde chache, pima pampu ikiwa inajaribu kuwaka, si kabla tu, kisha chomoa. Ikishuka chini ya 200, tatizo ni laini au waya, pampu yenyewe haina kosa. Kunasa: ivute juu, fungua kichujio, utakuta jiwe, mzizi, au kipande cha mfuko kimeshika impela, zungusha impela kwa bisibisi, iwe nyepesi. Kapasita: hii ndiyo inayoipa mota ya waya mmoja wa moto ule msukumo wa kuanza, na hufa kwa joto na kwa kuwashwa mara kwa mara. Kapasita iliyokufa mara nyingi imevimba. Inabadilishwa kwa bei ndogo, na namba zake zimeandikwa ubavuni, maikrofaradi na volti. Nunua sawa na hizo. Lakini kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi, kwa hiyo kama hujui kuimwaga, mpelekee anayejua. Usiiache pampu ikiunguruma zaidi ya sekunde chache huku ukitafakari. Kila sekunde ni joto.

Inazunguka, unaisikia, lakini maji hayatoki. Hili ndilo linalowasumbua wengi, na wengi hukimbilia fundi bure. Mara nyingi ni hewa iliyonaswa ndani. Pampu iliyoshushwa wima, mpira wake ukiwa umeshajaa maji kwa juu au una valvu ya kuzuia kurudi, hufungia hewa kwenye impela, na impela haiwezi kusukuma hewa. Zima, chomoa, ivute kamba juu mpaka maji yabaki kuifunika kidogo, iinamishe pembeni, utaona mapovu yanatoka. Irudishe, washa. Pampu nyingi zina kitundu kidogo karibu na mdomo wa kutolea maji, na kitundu hicho hurusha maji kidogo wakati wa kazi. Kazi yake ni kutoa hewa hiyo hiyo. Nimekutana na mzee aliyekiziba kwa gundi na kijiti akidhani pampu inavuja, kisha akahangaika mwezi mzima. Kama chako kimezibwa na tope, kizibue kwa waya mwembamba.

Ikiwa si hewa, angalia kama mpira umekunjika, kama klipu imeachia chini ya maji, kama kiwango cha maji kimeshuka chini ya kichujio, au kama mwinuko ni mkubwa kuliko H. Kipimo cha mwisho ni rahisi: ondoa bomba refu, acha mpira mfupi unaoishia mdomoni mwa kisima. Maji yakitoka kwa nguvu hapo, pampu ni nzima na tatizo ni mlima.

Maji yakiwa machache kuliko ile namba ya ukutani, safisha kichujio kwanza. Kama hakuna mabadiliko, kagua impela. Mchanga hula kingo zake na kuiacha ndogo, na nafasi kati yake na ukuta inaongezeka. Impela hununuliwa peke yake. Usinunue pampu mpya kwa kosa hilo.

Inafanya kazi dakika kumi, inakata, inarudi, inakata tena: ni joto. Maji hayaifuniki, au volti ni ndogo, au impela inakwama nusu. Usiitegemee swichi ya joto kama saa ya kupumzisha pampu. Ni kengele.

Breka ya uvujaji ikiruka kila unapowasha, usiirudishe mara ya tatu, na usiitoe ili "maji yapatikane kwanza". Breka inakueleza kwamba umeme unatoka mahali. Ivute pampu. Tazama kebo kwa kuipitisha vidoleni inchi kwa inchi. Tazama kama mafuta yanaonekana juu ya maji, utando unaong'aa rangi rangi: hiyo ni sili imekwisha, maji yameingia na mafuta yametoka. Fundi mwenye kipimo cha mega atapima kati ya nyaya za mota na chuma cha pampu. Chini ya megaohmu 1, pampu hairudi kisimani. Na maji ya kisima hicho yatolewe mpaka utando uishe kabla ya kuyanywa.

Na maji yakitekenya, hata kidogo, hata mara moja, hata kama jirani amegusa na hakuhisi kitu, hakuna cha kuchunguza pampu ikiwa na umeme. Chomoa. Haitumiki tena mpaka ipimwe.

Mtu akishikwa

Usimguse. Kata umeme kwanza, kwenye plagi au breka kubwa. Kama huwezi kuifikia, msukume kwa mti mkavu au vuta waya kwa kitu kikavu kisicho chuma, ukiwa umesimama pakavu. Akiwa hapumui, mlaze chali mahali pagumu, ukandamize katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akitafuta usafiri. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Muleba tuna hospitali za Rubya, Kagondo na Ndolage. Jua iliyo karibu nawe kabla ya siku hiyo. Aliyeshikwa na umeme na kuachiwa apelekwe hata akisema yuko sawa, kwa kuwa moyo unaweza kusumbua baadaye.

Na asishuke mtu kisimani kufuata pampu iliyokatika kamba. Kulabu ya vyuma vitatu na kamba ndefu hufanya kazi hiyo. Hewa mbaya hukaa chini hata kwenye kisima ambacho hakijawahi kuona injini.

Kuitunza

Mvua zikirudi na simtanki likijaa lenyewe, itoe pampu. Isafishe kwa maji safi kwa kuiendesha ndani ya pipa dakika mbili, ikaushe, ikunje kebo kwa duara kubwa bila kuivunja, uiweke mahali panya hawafiki. Kila mwezi izungushe impela kwa mkono, isije ikashika. Kabla ya Juni, ijaribu ndani ya pipa kabla ya kuishusha.

Shangazi sasa ana kamba mbili, breka ya uvujaji, na namba 28 imeandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Kebo ya zamani tuliikata vipande ili isimshawishi mtu kuiunga tena. Nawe ukimaliza kusoma hapa, shuka kisimani kwako uangalie pampu yako inaning'inia kwa kitu gani. Kama ni kebo, rudi nyumbani uchomoe plagi, na kamba uinunue leo.